Maziwa ya Brigitha

Apolonia alikuwa anapita tu. Hakutumwa, hakuitwa, na wala hakuwa na udugu wowote na ng'ombe. Alikuwa anatoka kuvuna mpunga, mundu mkononi, kidole kimefungwa kitambaa kwa sababu asubuhi ile mundu ulikuwa umemkata. Alipofika usawa wa zizi la Mabula akasikia mguno. Mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa Idete angeachaje kuujua mguno ule? Akaweka mundu chini.

"Yuko hivyo tangu lini?" akamuuliza Mabula.

"Tangu jana, mayu, mama yangu." Mabula alikuwa amechuchumaa kando ya ng'ombe wake, kofia mkononi, Msukuma mzima mwenye kundi la kujaza uwanja wa mpira, na siku hiyo hajui ashike wapi. "Vijana wameswaga kundi mtoni. Nimejaribu kuvuta, hatoki."

"Unavuta mtoto kama unavuta ndoo kisimani? Hebu sogea."

Ieleweke kwamba watu wa Idete ni watu wa mpunga na samaki. Ng'ombe walimjua akiwa buchani, keshaning'inizwa. Hao wa miguu minne, wenye kengele na mbwa na vijana wenye fimbo, walikuwa wameingia bondeni miaka ya karibuni tu kutoka Usukuma, na kila kaya ilikuwa inajifunza kuishi nao kivyake. Kwa hiyo Apolonia hakuwa na adabu nyingine ya kumfanyia mzazi zaidi ya ile aliyoizoea. Akanawa, akapiga magoti, akamsemesha ng'ombe taratibu, "Pole mama, pumua mama," kisha akapitisha mkono mpaka kiwiko.

Ndama alitoka amekufa, mdogo, hajatimia. Kondo la nyuma likagoma. Mabula akasema liache, litadondoka lenyewe, mbwa watalimaliza.

"Mbwa?" Apolonia akamgeukia. "Kondo la mzazi liliwe na mbwa? Nyinyi mnaishije?"

Akalitoa kidogo kidogo, kwa subira, mpaka likaisha. Akalibeba kwa mikono yake, akachimba shimo nyuma ya zizi, akalizika na ndama pamoja, kama ambavyo angefanya kwa binadamu. Mabula alisimama pembeni kofia kifuani, na tangu siku hiyo akamheshimu mama yule kuliko mwenyekiti wa kijiji. Kwa kuwa Apolonia hakutaka kulipwa, Mabula akaanza kumletea maziwa.

Nikodemu, mume wa Apolonia, hakuyataka. Alisema yanamharisha, na kwamba yeye ana kinywaji chake kilabuni. Jirani mmoja aliuliza kama maziwa ya ng'ombe hayapaswi kuchemshwa kwanza. Apolonia akamcheka. "Ziwa la mama huchemshwa?"

Alikunywa kiasi chake, yaliyobaki akayatia kwenye dumu, na kila Jumapili Nikodemu akayapeleka kwa baiskeli Namwawala, kwa binti yao Brigitha. Brigitha alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe, Fredy, alikuwa anakata miwa huko kwenye mashamba ya sukari, kwa hiyo binti aliishi na mama mkwe, Bibi Yosefina. Lakini mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti. Hilo halina mjadala. Apolonia aliwapokea wajukuu wa watu miaka yote, akawapa wenye nao, akarudi nyumbani na kipande cha sabuni. Safari hii angepokea wa kwake. Hakuna kitu alichokitaka duniani kama hicho, na hakuwa na aibu ya kukisema.

* * *

Homa ilikuja na tabia mbaya. Inaingia jioni, inalala naye, asubuhi imeondoka, jioni imerudi. Apolonia aliamka kanga imelowa jasho chapachapa, akajiona mzima, akachukua mundu akaenda shamba. Jua likigeuka, baridi inamwingia kwenye mifupa, kiuno kinakatika, magoti yanakataa kunyooka. Nikodemu akanunua klorokwini dukani. Mama wa watu akameza, akamaliza, na alichopata ni kuwashwa mwili mzima mpaka akajikuna kwa gunzi. Nikodemu akanunua nyingine.

"Malaria hii imekupenda, mama Brigitha," alisema.

"Malaria naijua mimi. Malaria inakuangusha, unapona au unakufa, basi. Hii inanichezea."

Wanawake waliokuwa wakivuna naye kwa zamu, leo shamba langu kesho lako, walianza kumalizia sehemu yake. Mwanzoni kwa huruma. Baadaye kwa midomo ya kubetua. "Asubuhi mzima, jioni kajilaza. Ugonjwa gani huo unaojua saa?" mmoja aliuliza, kwa sauti ya kusikika. Apolonia alikuwa hatua chache tu nyuma yao. Aliinama akajifanya anafunga mganda, na machozi yakamtoka kwenye mpunga wa watu.

Kisha ng'ombe wengine wa Mabula wakatupa mimba. Na Mariana, mke wa fundi baiskeli, ambaye Apolonia alikuwa amemshika tumbo kumwangalia mtoto alivyolala, naye mimba yake ikaharibika. Kijiji hakina haja ya hesabu kubwa. Moja na moja kinapata kumi. Hakuna aliyesema kitu mbele yake. Ila wenye matumbo walianza kupita njia ya nyuma ya kanisa, ambayo ni ndefu na ina matope.

Nikodemu alikuwa na kasoro zake, lakini mkewe alikuwa anampenda. Alipomwona siku moja anashindwa kuinuka kwenye kigoda, akauza gunia la mpunga kwa bei ya hasara, akampandisha mbele kwenye lori la mpunga, na yeye akapanda juu ya magunia, wakaenda hospitali Ifakara.

* * *

Daktari aliitwa Octavian, kijana, mwenye sauti ya mtu aliyelala kidogo. Alimwamkia Apolonia shikamoo kabla hajakaa, jambo ambalo Apolonia alilipenda. Akasikiliza habari ya homa, ya jasho, ya kiuno, ya klorokwini. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Mnafuga?"

"Hata kuku," Nikodemu akadakia. "Walikwisha wote kwa kideri, daktari."

"Hujagusa ng'ombe? Mbuzi?"

Apolonia akaficha mikono chini ya kanga. "Nilimzalisha ng'ombe."

Daktari akaacha kuandika. "Ulimzalisha?"

"Alikuwa anapata shida."

"Ulivaa glavu?"

"Glavu? Wewe ulizaliwa kwa glavu?"

Octavian akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akamchukua damu, akawaambia wasubiri. Walikaa kwenye benchi la nje, Nikodemu akila karanga, Apolonia hali, anaitazama mikono yake. Tangu ile habari ya Mariana alikuwa na mazoea hayo, ya kuitazama mikono kama ya mtu mwingine.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita ndani na kufunga mlango. "Si malaria, mama. Ni ugonjwa wa ng'ombe, unaitwa brusela. Ni vijidudu, bakteria. Kwa ng'ombe vinakaa kwenye mji wa mimba, ndiyo maana anatupa mimba. Yule ndama, yale maji, lile kondo, vyote vilikuwa vimejaa vijidudu hivyo. Wewe ulikuwa na kidonda kidoleni?"

"Mundu ulinikata."

"Basi mlango ulikuwa wazi. Na ng'ombe huyo vijidudu anavyo hata kwenye maziwa. Mnaletewa maziwa?"

"Tunaletewa," Nikodemu alisema. "Mimi sinywi."

"Yachemsheni mpaka yafure. Hata mgando, uchemshe maziwa kwanza ndiyo ugandishe. Na mwenye ng'ombe mwambieni amwone bwana mifugo." Akaeleza dawa: sindano za kila siku, atachomwa zahanati ya kwao, na vidonge vya wiki nyingi. "Utapata nafuu mapema, mama, utataka kuacha. Usiache. Ukiacha inarudi."

Nikodemu aliitikia kwa kichwa kila neno. Apolonia alikuwa na swali moja tu, na lilikuwa zito kulitoa.

"Daktari. Kuna mwanamke nilimshika tumbo, mimba ikaharibika."

"Ulimshika tumbo kwa nje?"

"Kwa nje."

"Si wewe. Homa hii haiambukizwi kwa kushikwa na mkono ulionawa. Huyo mama ana sababu yake nyingine, mwambie aje tumwangalie." Akafungua kabati, akatoa jozi kadhaa za glavu, akaziweka mbele yake. "Maliza dawa, kisha zalisha. Ila kuanzia leo usimguse mzazi bila hizi, awe wa miguu miwili au minne."

Apolonia akalia palepale, mbele ya mumewe na kijana yule, bila kujificha uso. Alikuwa amebeba mimba ya Mariana kichwani siku zote hizo, na sasa alikuwa ameruhusiwa kuitua.

* * *

Tatizo la Nikodemu lilikuwa mdomo. Mtu mwema, lakini mdomo wake haukuwa na mlango. Waliporudi Idete alikwenda kilabuni moja kwa moja, akaagiza pombe, akawasimulia watu habari yote kwa furaha ya mtu aliyeletewa majibu: kwamba si uchawi, si uvivu, ni wadudu wa ng'ombe, wamemwingia mama Brigitha kwenye mkono, wadudu wenyewe kazi yao ni kutupa mimba. Aliposema hivyo alinyoosha mkono wake mwenyewe na kuonyesha walipopitia. Habari ya maziwa hakuisema. Haikuwa na utamu.

Kulipokucha, kijiji chote kilikuwa na ushahidi wa kidaktari. Wadudu wa kutupa mimba wamo mikononi mwa mkunga. Mumewe mwenyewe kasema.

Haikupita Ijumaa, muuza samaki mmoja akaja na salamu kutoka Namwawala. Alisimama mbali na mlango wakati anazitoa. "Bibi Yosefina anasema Brigitha atazalia hukohuko. Anasema mikono iliyotoa ndama mfu haitagusa mjukuu wake. Mimi nimetumwa tu, mama."

Apolonia alimshukuru, akanunua na samaki wake, maana hakuwa na kosa. Kisha akaingia ndani kwa mumewe.

"Baba Brigitha, umeniuza kwa kikombe cha pombe."

"Nilikuwa nakutetea."

"Umenitetea mpaka nimekosa mjukuu."

Nikodemu akasema Jumapili atampeleka Namwawala, akamweleze mkwe mwenyewe maneno ya daktari, neno kwa neno. Hilo lilimtuliza Apolonia kidogo. Maneno ya daktari alikuwa nayo, na yalikuwa ya haki. Alikuwa ameanza kupata nafuu. Usiku jasho lilikuwa limepungua, na hasira nayo inasaidia magoti.

Jumapili asubuhi alijifunga kitenge kipya, akatoka nje. Nikodemu alikuwa anafunga dumu nyuma ya baiskeli kwa mpira.

"Hilo la nini?"

"La Brigitha. Si Jumapili leo? Nimeyatia yaleyale ya Mabula ya alfajiri."

"Umeyachemsha?"

"Hayo si ya kwetu, ni ya Brigitha," Nikodemu alisema, kisha akajisikia alivyosema.

Apolonia alikaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kipya. Mikono haikuwa na kosa, sawa. Lakini kila Jumapili, yeye mwenyewe, kwa mapenzi, alikuwa anamtumia mwanawe mjamzito ugonjwa kwenye dumu. Ule ugonjwa unaotupa mimba. Na huko anakokwenda kudai haki yake, alikuwa anakwenda kama mshitakiwa.

"Mweleze ya mikono tu," Nikodemu alisema polepole. "Ya maziwa nitamnong'oneza Brigitha pembeni, atakwenda hospitali kimyakimya. Ukimwambia mkwe, mtoto hutampata. Huyo mama atakuimba mpaka Mlimba."

"Umeshanong'ona ya kutosha." Akamwaga maziwa, akainuka, akapanda nyuma ya baiskeli. Njia nzima alikuwa anaogopa, na hakuogopa Yosefina.

* * *

Yosefina hakuwakaribisha ndani. Aliwawekea mkeka barazani, yeye akakaa kwenye kigoda mlangoni kama askari wa lango, akawaletea maji kwenye kopo la bati lenye kutu, lile la kuchotea pumba. Apolonia aliona, na akaona pia kwamba Yosefina anataka aone. Akanywa maji hayo mpaka mwisho.

"Shikamoo mama, shikamoo baba." Brigitha alitokea jikoni, tumbo limeanza kukaa vizuri, mashavu yamejaa. Apolonia alimtazama mtoto wake toka kichwani hadi miguuni akitafuta ugonjwa, asiuone.

"Kama mmekuja kwa habari ya uzazi," Yosefina alisema, "majibu nilishatuma."

"Yalifika, mkwe. Nimekuja na majibu ya daktari." Apolonia akaeleza yote, ndama, kondo, kidonda, na kwamba mkono ulionawa hauambukizi mtu, na kwamba amepewa glavu. Akazitoa kwenye mkoba zikaonekana. Yosefina alizitazama, akazigusa moja kwa ncha ya kidole. Alikuwa mgumu lakini hakuwa mjinga. Akakohoa.

"Kama ni neno la daktari," alianza.

Hapo ndipo Apolonia angeweza kunyamaza. Nikodemu alimkanyaga mguu kumkumbusha.

"Liko jingine," Apolonia alisema. "Ugonjwa huu unapita kwenye maziwa mabichi pia. Na mimi nimekuwa nikimletea Brigitha maziwa, kila Jumapili, sijayachemsha. Sikujua. Kama kuna baya litakalompata, si mkono ulioleta, ni mimi mwenyewe nimeleta. Leo twende naye hospitali akapimwe, halafu mtoto azaliwe popote utakaposema wewe. Sitabisha."

Nikodemu alishika kichwa.

"Maziwa gani, mama?" Brigitha akauliza.

"Ya kwenye dumu. Anayoleta baba yako."

"Dumu huwa naliona. Ila hulipokea mama mkwe; ninaloliona mimi ni tupu." Brigitha alimgeukia mama mkwe, bila ubaya, kwa mshangao tu. "Si uliniambia baba anakuja kuchukua pumba za kuku?"

"Kuku gani?" Nikodemu alisema. "Sisi hatuna kuku."

Yosefina alivuta kanga yake mabegani. Akaitazama barabara, akautazama wembamba wa vidole vyake. "Mwanamke mwenye mimba akinywa maziwa," alisema hatimaye, "mtoto anakua mno, anashindwa kutoka. Nilikuwa namhurumia Brigitha."

"Kwa hiyo ukayamwaga?" Apolonia aliuliza.

"Chakula hakimwagwi, mkwe."

"Ukayafanyaje?"

"Niliyanywa." Alisema kwa sauti ndogo sana, kisha, kwa kuwa limeshatoka, akaongeza: "Matamu."

Apolonia alitaka kucheka, akajizuia, akashindwa. Lakini mkono wake wa ukunga haukulala; akasogea karibu, akamwekea Yosefina kiganja shingoni.

"Mkwe, usiku unatoka jasho?"

"Jasho tu," Yosefina alisema. "Nilidhani ni umri wetu huu."

"Na kiuno?"

Yosefina macho yakamjaa maji. Kumbe alikuwa anaumwa wiki nyingi, peke yake, anaamka usiku kubadili kanga asionekane na mkamwana, maana angeulizwa umekula nini. "Hiki kiuno, mkwe wangu," alisema, "kinaniua."

* * *

Hospitalini, damu ya Brigitha ilikuwa safi. Ya Yosefina haikuwa. Daktari Octavian alisikiliza kisa kizima, akavua tena miwani.

Kwa muda wote uliobaki Yosefina alihamia Idete pamoja na Brigitha, kwa sababu, alisema, zahanati ya Idete ina mchoma sindano mwenye mkono mwepesi. Asubuhi wakwe wawili walionekana wakienda kuchomwa pamoja, wakirudi wameshika makalio, wakigombana nani kachomwa vibaya zaidi. Njiani Yosefina alimsimamisha kila aliyekutana naye na kumweleza habari ya maziwa mabichi, kwa sauti kubwa. Aliacha tu kueleza alivyoyapata. Kwa Mabula alikwenda mwenyewe, akamkuta na bwana mifugo wakiwatoa damu ng'ombe, akasimama palepale kumsimamia mpaka jua likazama. Na Mariana alipotoka hospitali, aliyesema mbele za watu kwamba Apolonia hana kosa alikuwa ni Mariana mwenyewe.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kugusa bonde Brigitha aliposhikwa na uchungu, mchana kweupe. Apolonia alikuwa amekwisha kumaliza dawa zake zote, mpaka kidonge cha mwisho. Hata hivyo alipovaa glavu alisimama mlangoni mwa chumba asiingie. Brigitha alimwona. "Mama," alisema, "njoo basi, nani mwingine?" Akaingia.

Alikuwa mtoto wa kike, mzito, mwenye hasira. Apolonia alimpokea, akamsafisha, akamzungushia kanga, akafanya yote yaliyobaki kufanywa kwa mama yake. Kisha akavua glavu, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akamchukua mjukuu wake na kumbana kifuani, akakaa naye hivyo, anatikisika mabega. Alikuwa amefurahi kupita kiasi na hakujali nani anamwona.

Yosefina alikuwa jikoni tangu asubuhi akiparua samaki ili mikono isikae bure. Aliposikia kilio aliacha kila kitu akaja mbio, mpaka mlangoni, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe, mkwe. Nipe mjukuu wangu."

Apolonia aliitazama ile mikono, magamba mpaka kwenye vifundo.

"Umenawa?"

Yosefina akageuka, akaenda kwenye ndoo.